Mfumo umepewa kibali cha kufanya kazi. Kwa nini unyimwe kibali cha kuunganishwa na mtandao wa jeshi?

Msomaji mmoja wa Moshi, aliyesomea usalama wa mitandao hapa Arusha na ambaye sasa yuko katika kampuni ndogo inayotengeneza programu za kusimamia maghala, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba katika majeshi ya Marekani mfumo wa kompyuta unaweza kupewa kibali cha kufanya kazi, halafu ukanyimwa kibali cha kuunganishwa na mtandao. Kama umeshakaguliwa na kuonekana salama, kibali cha pili ni cha nini, na nani anakitoa? Sisi tungependa siku moja kuviuzia vyombo vya ulinzi programu yetu, tujiandae vipi? Na tukishakubaliwa, tutaweza kuingia kwenye mfumo tukiwa ofisini kwetu Moshi ili kurekebisha hitilafu?"

Marahaba, na asante kwa swali lililopangwa vizuri. Nitatumia mfano wa Marekani kama ulivyouanza, kwa sababu kanuni zake nyingi zimechapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma, ilhali namna jeshi letu linavyolinda mitandao yake ni jambo la waliokabidhiwa kazi hiyo, na halipaswi kuanikwa na mimi wala na wewe. Mantiki nitakayoieleza, hata hivyo, haibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Nianze na kibali cha kwanza, kwa kuwa swali lako limebeba dhana inayowapotosha wengi. Kibali cha kuendesha mfumo si cheti kinachosema kwamba mfumo ni salama. Ni uamuzi wa ofisa mmoja, mwenye jina na cheo, ambaye baada ya kusoma jalada la ukaguzi anatia saini kwamba hatari iliyobaki ameielewa, anaikubali, na yeye ndiye atakayewajibika ikitokea. Wakaguzi wa kiufundi hawatoi kibali. Wao huandika walichokiona. Mwenye mfumo naye hatoi kibali, yeye huomba. Ofisa anayetia saini hutengwa na wote wawili kwa makusudi, maana mtu anayetaka mfumo uanze kazi kesho asubuhi hawezi kuaminiwa kupima kwa utulivu kama unastahili kuanza.

Machi 2014 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kuiendesha kazi hii kwa utaratibu wa kusimamia hatari uliojengwa juu ya nyaraka za Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo. Kabla yake palikuwa na utaratibu wa mwaka 2007, na kabla ya huo wa mwaka 1997, na mizizi ya yote inafika kwenye ripoti ya Februari 1970 ya kikosi kazi kilichoongozwa na Willis Ware wa shirika la utafiti la RAND, iliyochunguza namna ya kulinda siri katika kompyuta zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Majina yamekuwa yakibadilika. Kazi yenyewe ya kumtafuta mtu atakayeibeba hatari imebaki pale pale.

Mfumo hupimwa kwanza kwa maswali matatu. Taarifa zikivuja, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani? Zikibadilishwa na asiyeruhusiwa, je? Na mfumo usipopatikana wakati unahitajika, je? Kila swali hujibiwa kwa ngazi ya chini, ya kati au ya juu, na katika mifumo ya usalama wa taifa majibu hayo matatu huachwa yasimame kila moja peke yake. Hili linakuhusu moja kwa moja. Programu ya ghala inaweza kuwa ya ngazi ya chini kwa upande wa usiri, lakini ikawa ya juu kwa upande wa usahihi, kwa sababu idadi ya vipuri vya magari ikipunguzwa au kuongezwa kimyakimya, kikosi kinaweza kutoka kambini kikiamini kina kitu ambacho hakipo. Tena kuna jambo ambalo watengenezaji wa programu za maghala hulisahau mara nyingi: takwimu ambazo kila moja peke yake haina siri, zikijumlishwa kambi kwa kambi na mwezi kwa mwezi, huonyesha nguvu ya jeshi na mwelekeo wake. Ripoti ya jumla ambayo wewe unaiona kuwa uzuri wa programu yako inaweza kuwa ndiyo inayoupandisha mfumo mzima daraja la usiri.

Baada ya hapo huchaguliwa vidhibiti vya usalama, yaani hatua za kuulinda mfumo, vinavyolingana na ngazi hizo. Orodha kuu ya Taasisi ile ya Viwango na Teknolojia, ambayo toleo lake la tano lilichapishwa Septemba 2020, ina makundi 20 na, ukihesabu na nyongeza zake, zaidi ya vidhibiti 1,000. Hakuna mfumo unaotakiwa kuvitumia vyote. Vinavyochaguliwa huwekwa, hukaguliwa, na kila pengo linaloonekana huandikwa katika mpango wa marekebisho pamoja na jina la atakayeliziba na tarehe ya kuliziba. Napenda wanafunzi wangu waelewe kwamba mpango huo haumwaibishi mwombaji. Jalada lisilo na udhaifu hata mmoja humtia mkaguzi mzoefu mashaka kuliko lenye udhaifu ishirini ulioelezwa kwa uaminifu.

Uamuzi unaotoka unaweza kuwa kibali kamili, ambacho kwa kawaida hakizidi miaka mitatu, kibali chenye masharti, kibali cha kufanyia majaribio tu, au katazo. Mpaka hapo tumemaliza kibali cha kwanza, na utaona kwamba katika maelezo yote hayo sijataja jirani hata mmoja wa mfumo huo.

Kibali cha pili kinawahusu hao majirani. Nchi Kavu, Wanamaji na Jeshi la Anga la Marekani kila kimoja kina maofisa wake wa kuidhinisha, na kila ofisa hukubali hatari kwa niaba ya kazi anayoisimamia. Lakini mitandao inayowaunganisha ni ya wote. Upo NIPRNet kwa taarifa zisizo za siri, upo SIPRNet kwa taarifa zinazofikia daraja la Siri, na upo mwingine, JWICS, kwa daraja la juu kabisa. Miwili ya kwanza inategemea mkongo wa mawasiliano unaoendeshwa na wakala uitwao DISA, wenye makao makuu Fort Meade katika jimbo la Maryland, na ni wakala huo unaotoa kibali cha kuunganishwa. Kamanda wa kambi anaweza kusema, na akawa na haki ya kusema, kwamba yeye yuko tayari kuishi na kompyuta ambayo haijasasishwa kwa sababu mashine fulani muhimu haifanyi kazi bila hiyo. Asichoweza kusema ni kwamba kambi nyingine zote nazo ziko tayari. Hatari aliyoikubali mmoja, pindi kebo inapochomekwa, inakuwa hatari ya wale ambao hawakuulizwa.

Wewe wa Moshi utalielewa hili ukifikiria mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba mlimani. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ana uhuru mkubwa juu ya shamba lake, lakini hawezi kutoboa mfereji mkuu kwa uamuzi wake mwenyewe hata kama shamba lake ni safi na limepandwa vizuri, kwa sababu kinachoingia kwenye maji kinashuka kwa kila aliye chini yake, na wazee wanaosimamia mfereji wanawajibika kwa hao walio chini.

Ndiyo maana maswali ya kibali cha pili hayafanani na ya kile cha kwanza. Mwombaji hutakiwa kuleta kibali chake cha kuendesha mfumo kikiwa bado hai; kikiisha muda, na ruhusa ya kuunganishwa inayumba. Huleta mchoro kamili wa mtandao wake, na huo ndio waraka ninaouona kuwa moyo wa shughuli nzima: kila ruta, kila swichi, kila seva, kila fayawoli (kizuizi kinachochuja kinachoingia na kutoka), anwani zake, na hasa kila njia nyingine inayotoka. Wakaguzi hutafuta mlango wa nyuma. Je, kuna laini ya intaneti ya kampuni ya simu iliyoingizwa kwa ajili ya ofisi ya uhasibu? Je, kuna mkandarasi aliyewekewa njia yake ya kuingilia? Je, mtandao huo umeunganishwa na mwingine ambao haumo katika maombi? Kisha mwombaji hutia saini ya kukubali kufuatiliwa, maana yake mwenye mtandao mkuu anaweza kuuskani mfumo wake, yaani kuuchunguza kwa programu maalumu, akiwa mbali ili kuona kama alichoandika ndicho kilichopo. Mchoro ukikosa kifaa kimoja ambacho skani inakiona, tatizo si kifaa hicho tena. Tatizo ni kwamba mwombaji haujui mtandao wake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hawezi kuaminiwa na mtandao wa wengine.

Kama unadhani tahadhari hii imezidi, angalia yaliyotokea mwaka 2008. Flashi yenye programu hasidi iliyokuja kujulikana kwa jina la agent.btz ilichomekwa kwenye kompyuta mpakato ya jeshi la Marekani katika kambi moja Mashariki ya Kati. Programu hiyo ilienea katika mifumo ya siri na isiyo ya siri, na mwaka 2010 William Lynn, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi, aliandika hadharani kwamba huo ulikuwa uvamizi mkubwa kuliko wote uliowahi kuzipata kompyuta za jeshi hilo. Novemba 2008 flashi zilipigwa marufuku, na zilipokuja kuruhusiwa tena mwaka 2010 ilikuwa kwa masharti makali. Tazama mahali pengo lilipokuwa. Mitandao ile haikuwa imeunganishwa kwa kebo pasipo idhini. Kilichoiunganisha ni mkono wa mtu aliyebeba kifaa kidogo kutoka mashine moja hadi nyingine. Vivyo hivyo, programu hasidi ya Stuxnet iliyogunduliwa mwaka 2010 iliziharibu mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa ili kurutubisha urani huko Natanz, Iran, katika kituo ambacho mitambo yake ya udhibiti haikuwa kwenye intaneti. Kwa hiyo, unapojibu swali la njia zinazotoka na kuingia, flashi, diski na kompyuta mpakato ya fundi nazo ni njia, na lazima zionekane katika maelezo yako.

Pia kibali cha kuunganishwa kinaweza kuondolewa, na kuondolewa kwake si tusi. Mwishoni mwa mwaka 2010, baada ya nyaraka za kidiplomasia zilizochukuliwa kupitia SIPRNet kuanza kuchapishwa, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikata kwa muda njia iliyokuwa ikiwapa watu wa SIPRNet hazina yake ya nyaraka. Mwenye taarifa aliona kwamba walio upande wa pili ni wengi kuliko anavyoweza kuwadhamini, akaufunga mlango. Tukio hilo linafundisha pia mpaka wa vibali vyote ninavyovieleza: aliyezichukua nyaraka alikuwa mtumiaji halali, mwenye ruhusa, aliyekaa mbele ya kompyuta iliyoidhinishwa.

Jambo gumu kuliko yote ni kuunganisha mitandao ya madaraja mawili tofauti ya usiri, kwa mfano pale ambapo taarifa za hali ya hewa zinatakiwa kupanda kutoka mtandao wa kawaida kwenda ule wa siri. Hapo fayawoli ya kawaida haitoshi. Huwekwa kifaa maalumu cha ulinzi kinachokagua kila faili kwa umbo na maudhui, au kifaa kinachoruhusu data kupita upande mmoja tu kwa maumbile yake, kwa mfano mwanga unaotumwa kwenye waya wa kioo ambao upande wa pili una kipokezi lakini hauna kitumaji. Vifaa hivyo vina ukaguzi wao peke yake, ulio mrefu na wa gharama. Nakushauri kwa dhati usianze huko. Kama programu yako inaweza kufanya kazi ndani ya mtandao mmoja wa daraja moja, ibaki humo.

Sitakuficha kwamba utaratibu huu una ugonjwa wake. Jalada linaweza kuchukua miezi mingi, likafikia mamia ya kurasa, na siku ofisa anapotia saini mfumo uliokaguliwa tayari umeshabadilika. Miaka mitatu ya kibali ni muda mrefu sana mbele ya udhaifu unaogunduliwa wiki hii na kutumiwa na wavamizi wiki ijayo. Kwa sababu hiyo Wamarekani wameongeza mkazo katika ufuatiliaji wa kila siku badala ya ukaguzi wa mara moja, na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwaka 2023 ilianza kuuacha utaratibu wa zamani wa kuidhinisha mwishoni na kudai usalama ujengwe ndani ya mfumo tangu siku ya kuubuni. Naunga mkono mwelekeo huo, kwa sharti moja: asipotee yule mtu anayetia saini. Skani zinazofanywa kila saa hazina maana kama hakuna anayelazimika kuzisoma na kuamua.

Sasa nije kwenye maandalizi yenu. Kwa upande wa nyumbani, mfahamu kwamba mifumo ya taasisi za umma inasimamiwa chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu fundi wa kampuni yenu kama inavyomhusu mtu mwingine yeyote anayeingia katika mfumo bila idhini. Vyombo vya ulinzi vitakuwa na masharti yao juu ya hayo, nanyi mtayapata kwa wenyewe. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hamna haja ya kumsubiri mteja ili myafanye.

La kwanza, na ambalo nimeliona likiwakwamisha vijana wazuri, ni programu isiyoweza kuishi bila intaneti. Izimieni intaneti kwenye kompyuta ya majaribio kisha muiwashe programu yenu kutoka mwanzo. Je, inakataa kufunguka kwa sababu haiwezi kuthibitisha leseni? Je, kurasa zinavunjika kwa sababu herufi, ramani au maktaba ya msimbo inavutwa kutoka seva ya nje ya nchi? Je, inajaribu kutuma taarifa za matumizi mahali ambapo hata ninyi wenyewe hamkukumbuka? Kila jaribio la namna hiyo, ndani ya mtandao wa jeshi, litaonekana kama kifaa kinachotafuta njia ya kutoroka, na maelezo kwamba ni kipande cha msimbo mlichokichukua mahali fulani hayatawasaidia.

Pamoja na hilo, andikeni orodha ya kila kijenzi kilichomo katika programu, pamoja na toleo lake na mahali kilipotoka, hata vile vya bure. Andikeni milango ya mtandao (port) inayofunguliwa na programu na sababu ya kila mmoja, kisha fungeni ile ambayo mmekosa sababu yake. Ondoeni nywila za kiwandani, na msiwe na akaunti moja ya msimamizi inayotumiwa na mafundi wanne, maana logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo, ikionyesha kwamba "admin" amefuta rekodi, haijaonyesha chochote. DISA huchapisha bila malipo miongozo ya kuimarisha mifumo ya uendeshaji, hifadhidata na seva za tovuti, ambayo huyapanga mapungufu katika madaraja matatu ya uzito. Chukueni ule unaohusu hifadhidata mnayoitumia, muupitie kipengele kwa kipengele, na mshughulikie kwanza daraja la kwanza. Hamtakuwa mmepata kibali cha mtu yeyote, lakini mtakuwa mmeanza kuizungumza lugha ya mkaguzi.

Na choreni mchoro. Si ule wa kuvutia wateja, wenye wingu katikati na mishale, bali ule unaoonyesha kila mahali taarifa inapoingia, inapokaa, na inapotoka, ukiwemo mkono wa mtu.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kuingia kwenye mfumo mkiwa Moshi, jitayarisheni kusikia hapana. Njia ya fundi kutoka ofisini kwenu ni muunganiko mwingine kamili: inaleta ndani kompyuta yenu, mtandao wenu, mtoa huduma wenu wa intaneti na tabia za kila mfanyakazi wenu. Ikiwa mteja ataikubali, italazimika kuwa katika maombi tangu siku ya kwanza, ikiwa na kompyuta maalumu isiyotumiwa kwa kazi nyingine, muda wa kufunguliwa na kufungwa, na mtu wa upande wa mteja anayeangalia kila kinachofanyika. Kuiongeza baadaye kimyakimya kwa nia njema ya kumsaidia mteja aliyekwama siku ya Ijumaa jioni kunaweza kuuvunja msingi wa vibali vyote viwili, na kukawaweka mbele ya sheria niliyoitaja. Kwa hiyo pangeni bei yenu mkijua kwamba fundi atasafiri. Sasisho litatoka kwenu likiwa na saini ya kidijitali, litakaguliwa kwenye mashine ya mteja iliyotengwa kwa kazi hiyo, litajaribiwa kwenye nakala ya mfumo, na ndipo litaingizwa na mtu wao wakati fundi wenu amesimama pembeni. Mkataba useme pia ni nani atakayelipa iwapo sasisho litakataliwa baada ya fundi kufika.